Sauti ya Juu Kooni mwa Mwanamume: Nyimbo za Kitui na Makueni kwa Sikio la Mpwani

Hapa kwetu mwambao, mtu akitaka kumcheka mwimbaji wa Kikamba humtia ila mbili. Ya kwanza, apiga kelele. Ya pili, na hii ndiyo inayosemwa kwa kicheko zaidi, ni mwanamume mwenye sauti ya kike. Ila hizi twazisikia mabarazani, twazisikia katika mabasi yapandayo Nairobi pindi dereva afunguapo redio, na hata watu wenye elimu yao huzitamka. Makala haya yataka kuzitazama ila hizo moja moja, tuone kama ni ila kweli au ni masikio yetu yasiyozoea.

Na tuseme mapema: suala la ala na hukumu yake ni la wanazuoni, nao wamekwisha kulizungumza kwa kirefu. Ukurasa huu si mahali pake. Hapa twazungumzia koo la binadamu, na namna jirani yetu alivyojifunza kulitumia.

JIRANI WA SIKU NYINGI

Mkamba si mgeni kwa Mpwani. Kabla reli haijatandikwa, misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka Mombasa na pembe za ndovu, na kurudi bara na nguo, shanga na chumvi. Kivoi Mwendwa wa Kitui alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa zama hizo. Ndiye aliyempokea mmishenari Krapf mwaka 1849, na akauawa njiani mwaka 1851. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipita katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Na kile kituo kiitwacho Sultan Hamud kimepewa jina la Sayyid Hamud bin Muhammad, Sultani wa Zanzibar, aliyekwenda kuitazama kazi ya reli mwaka 1898.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowapunguzia Wakamba mifugo yao kwa nguvu, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kulalamika. Serikali ilipotaka kumnyamazisha ilimpeleka wapi? Lamu. Hadi hii leo hapa Mombasa, upande wa Changamwe, kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoundwa mwaka 1963. Uchongaji wenyewe, kama inavyosimuliwa, uliingia Ukambani kwa mkono wa Mutisya Munge, aliyeuona huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alichukua ufundi wa watu wengine, akaufanya wa kwao.

Basi jirani huyu twamjua kwa biashara, kwa kazi za bandarini, kwa vinyago. Kwa nyimbo zake hatumjui. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Watu wapatao milioni mbili waimba mlangoni petu, nasi tumeridhika kusema wapiga kelele.

NGUI HUANZA JUU

Kwa Kikamba wimbo ni wathi, na nyimbo ni mbathi. Mwenye kuutunga na kuuongoza huitwa ngui. Huyu ndiye malenga wao. Kazi yake si kufurahisha watu tu; husifu, huonya, humsema chifu aliyekula cha watu, humuaibisha kijana mvivu. Yeye hutoa mstari, na kundi humpokea. Mwendo huu Mpwani aufahamu vizuri, kwani nasi katika ngoma zetu tuna mwenye kutoa na wenye kuitikia.

Sasa msikilize ngui anapotoa. Mara nyingi huanza juu, kisha sauti hushuka kidogo kidogo hadi mwisho wa mstari, ambapo kundi humdaka. Sababu yake moja imo katika lugha yenyewe. Kiswahili chetu hakina toni. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mambo yakaisha. Ndiyo maana sisi twaweza kulitia shairi moja mahadhi matano, na maana isiguswe. Kikamba hakiko hivyo. Kina irabu saba ambapo sisi tuna tano, hutenganisha irabu fupi na ndefu, na neno lile lile likipandishwa au likishushwa laweza kuwa neno jingine. Tena katika lugha za Kibantu zenye toni, msemaji aanzapo sentensi huwa juu, na kila akiendelea sauti huelekea chini. Mwimbaji anayetaka maneno yake yafahamike hana budi kuangalia mteremko huo. Anayeanza chini hana pa kushukia. Kwa hiyo ngui huanza juu, apate nafasi.

Sababu ya pili ni mahali. Taarabu ilikulia ndani: ukumbini, uani, chini ya dari, katika mitaa ya Mji wa Kale ambapo kuta mbili zinazotazamana humrudishia mwimbaji sauti yake. Ukambani ngoma ni ya nje. Nchi ya Kitui ni pana na kavu, nyumba haziko pamoja, na uwanja wa ngoma hauna ukuta wa kurudisha chochote. Wataalamu wa mambo ya sauti wametuonyesha kuwa sikio la binadamu husikia kwa wepesi zaidi mitikisiko ya kiasi cha 2,000 hadi 4,000 kwa sekunde. Sauti nzito ikishindana na ngoma humezwa. Sauti ya juu, kali, iliyokazwa, hupenya. Kumbe hiyo tunayoiita kelele ni ufundi wa mtu asiye na kipaza sauti, anayetaka bibi aliyeketi mwisho wa uwanja alisikie kila neno.

KOO NI LILE LILE

Tuje kwenye ila ya pili. Sauti ya kike ni nini?

Ndani ya koo la kila mtu mna kano mbili ndogo ambazo pumzi huzitikisa. Kijana akibaleghe kano hizo hurefuka na kunenepa. Kwa mwanamume mzima huwa na urefu wa kiasi cha milimita 17 hadi 25, na kwa mwanamke kiasi cha milimita 12.5 hadi 17.5. Mwanamume asemapo kwa kawaida hutikisika mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Mwanamke kiasi cha mara 200. Ni kama nyuzi za udi: ulio mnene walia chini, mwembamba walia juu.

Lakini uzi wa udi waweza kukazwa, na kano za koo nazo zaweza. Mwanamume akizivuta kwa misuli yake, sauti hupanda. Akizidi, hufika mahali ambapo kano hazitikisiki tena kwa unene wake wote bali kwa kingo zake tu, na hapo hutoka ile sauti nyembamba ambayo mwenye kuitoa huihisi kichwani, si kifuani. Kuipata hiyo bila kukwaruza, na kutoka kifuani kuingia kichwani pasi na watu kusikia mshono, ni kazi ya miaka. Mwanamke hufika huko kwa maumbile. Mwanamume hufika kwa nguvu na mazoezi. Kumwambia kuwa ameiga wanawake ni sawa na kumwambia mpanda mnazi kuwa ameiga kunguru.

Nasi tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, maana limo majumbani mwetu. Ni mara ngapi tumemwona mtoto wa chuoni mwenye sauti ya chiriku, akitangulizwa katika kasida siku ya maulidi, wazee wakitikisa vichwa? Kisha afikapo miaka kumi na mitatu au kumi na minne sauti yavunjika, wenzake wamcheka, naye akanyamaza asiimbe tena maisha yake. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kuwa ile sauti haikufa. Imehama mahali, na yatafutwa. Wangapi tumewapoteza hivyo kwa kicheko tu?

GITAA, SANTURI NA REDIO NDOGO

Baada ya Vita Kuu ya Pili gitaa lilienea Kenya nzima, na Ukambani halikubaki nyuma. Ilipofika miaka ya 1970, benga iliyoanzia kwa Wajaluo, iliyoimbwa na akina D. O. Misiani na Shirati Jazz, ilikuwa imeingia Kikuyuni na Ukambani. Wakamba waliipokea kama walivyoupokea uchongaji: wakaifanya yao. Katika bendi zao gitaa moja hukaa chini likishika mwendo, na jingine hukimbia juu kwa nyuzi nyembamba, likizunguka bila kuchoka na kujaza kila nafasi iliyoachwa wazi. Juu ya gitaa hilo ndipo sauti ya mwimbaji hukaa. Ikiisha kusema mstari wake, gitaa huuchukua mstari ule ule na kuurudia, mpaka mwisho sauti hunyamaza kabisa na gitaa likabaki likiimba peke yake.

Bendi zilizovuma kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ni Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, na Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki. Kalambya Boys waliandamana na waimbaji wa kike, Kalambya Sisters, ambao wimbo wao wa Katelina, kisa cha kuchekesha cha binti mpenda pombe, ulifika hadi Ulaya. Sauti za mabinti hao ni nyembamba kiasi cha kukufanya udhani santuri yazunguka mbio kuliko ipasavyo. Iko pia Super Kaiti. Kaiti ni jina la sehemu za Makueni.

Kakai Kilonzo ndiye anayemfaa zaidi Mpwani kuanza naye, kwani aliimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili ili asikike nchi nzima. Sauti yake ni nyepesi, ya juu, haina pupa. Haipigi kelele hata kidogo. Mwenzake humwekea sauti ya pili karibu karibu, na hizo mbili hutembea pamoja kama watu wawili wabebao mtungi mmoja. Alifariki mwaka 1987, angali kijana, akiwa hajatimiza hata miaka arobaini.

Mtu aweza kuuliza: walipopata vipaza sauti, kwa nini hawakushuka chini? Jibu moja ni kuwa chini palikuwa pamekwisha kukaliwa na gitaa la besi na ngoma. Jibu jingine ni redio. Nyimbo hizi zilisikizwa na watu wengi zaidi kwa redio ndogo za betri, zenye spika isiyozidi kiganja cha mkono. Spika ndogo haiwezi kutoa sauti nzito. Hutoa za juu. Besi ilipotea hewani, lakini koo la mwimbaji na gitaa jembamba vilifika Mutomo na Mwingi vikiwa vizima.

WENZAO WA MBALI

Hawa wa Kitui na Makueni hawako peke yao duniani. Huko Japani, visiwa vya Amami vina nyimbo za kale ambazo wanaume huziimba kwa sauti ya kichwani. Wako waelezao kuwa ni kwa sababu wanaume na wanawake huimba kwa kujibizana, na mwanamume hupanda ili akutane na mwanamke alipo. Katika nyimbo za kisasa za Kijapani vilevile, mwanamume mwenye sauti ya juu hutukuzwa sana. Mwaka 1979 bendi iitwayo Crystal King ilitoa wimbo ambao jina lake maana yake ni Jiji Kubwa. Waimbaji walikuwa wawili, wanaume wote: mmoja wa sauti nzito, na mwingine, Masayuki Tanaka, wa sauti ya juu mno. Wimbo ulishinda mashindano makubwa ya kimataifa ya Tokyo mwaka huo huo, na mpaka leo Wajapani huutaja wanapozungumzia sauti za juu za kiume. Habari yake ni ya kijana aliyekwenda jijini na matumaini yake. Mkamba aliyetoka Kibwezi kuja kutafuta kazi Mombasa hahitaji mkalimani wa habari hiyo.

Na sauti hiyo ni amana isiyo na dhamana. Miaka kadhaa baadaye Tanaka alipigwa na mpira kooni akiwa mchezoni, na ule ukali wa juu ukamtoka. Alilojenga kwa miaka liliondoka kwa pigo moja.

Kongo nako hapana anayemcheka mwanamume wa sauti ya juu. Tabu Ley Rochereau alipendwa kwa ulaini wa koo lake, na Papa Wemba kwa mlio wake mkali wa kupasua anga. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan mwezi wa Aprili 2016 akiimba, na hakuamka. Siku ile hapana aliyesema kuwa amefariki mtu mwenye sauti ya kike.

NA SISI JE?

Lakini kwa nini twende Japani na Kongo? Tuulize nyumbani. Ni nani kijana wa Mombasa wa miaka ya 1950 na 1960 asiyemjua Mohammed Rafi? Watu walijaa katika majumba ya sinema kwa ajili ya sauti yake tu, maneno yenyewe hawayafahamu. Katika filamu ya Baiju Bawra ya mwaka 1952 Rafi apanda daraja baada ya daraja mpaka msikilizaji ashika pumzi kwa kumwogopea. Hatukumwita mwanamke. Tulimwita bingwa. Na Juma Bhalo wetu, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina lake kwa mahadhi ya Kihindi yapandayo huko huko juu, akayavika maneno ya Kimvita, na maarusi kwa maarusi yakatiwa baraka kwa koo lake.

Kisomo cha Qurani si wimbo, wala hatukilinganishi na nyimbo. Lakini kwa upande wa pumzi na koo, nani asiyemkumbuka Sheikh Abdulbasit Abdussamad wa Misri, aliyefariki mwaka 1988, jinsi sauti yake ilivyopanda kwa pumzi moja ndefu mpaka waliohudhuria wakashindwa kujizuia? Sauti ile ilikuwa ya juu, na heshima yake ilikuwa ya juu zaidi.

Basi ni dhahiri kuwa hatuna ugomvi na sauti ya juu ya mwanamume. Ugomvi wetu ni na anayeimba. Mhindi akipanda twasema ni fundi. Mkamba akipanda twasema ni kelele. Hiyo si hukumu ya sikio. Ni hukumu ya dharau, na dharau haijapata kumfundisha mtu jambo.

KINACHOPOTEA

Kwa nini jambo hili litushughulishe leo? Kwa sababu linakwisha. Nyimbo hizi zilitolewa katika santuri ndogo, kila upande wa dakika chache, wimbo mrefu ukikatwa vipande viwili: maneno upande huu, gitaa upande wa pili. Kisha zikaja kanda za kaseti, na wezi wa kunakili wakala jasho la waimbaji, mpaka biashara ya santuri ikafa. Wengi walioimba wamefariki au wamezeeka, na koo la juu ndilo la kwanza kuondoka mtu azeekapo. Watu wa Ulaya wameng'amua thamani yake: mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo uitwao Kenya Special, wa nyimbo za santuri ndogo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980, na Wakamba wamo. Santuri ambazo hapa zilifunikiwa mitungi, huko zanunuliwa kwa fedha nyingi.

Stesheni kama Musyi FM zaendelea kuzipiga nyimbo za Kikamba, na vijana wa benga wako. Lakini hao wana mitambo inayoweza kuinyosha sauti ya mtu yeyote, na aliye na mtambo hana haja ya kujifunza kwa miaka kumi. Siku moja ataulizwa mtu Kitui: babu zenu walipandaje juu vile? Naye hatajua.

Wako Wapwani wengi, Mombasa, Mariakani na Kwale, walioishi mlango kwa mlango na Wakamba tangu utotoni, na walio na santuri na kaseti hizi makabatini. Wasizitupe. Wako pia washairi wetu wanaokijua Kikamba. Hao waandike maana ya nyimbo hizo kwa Kiswahili, jina la ngui likitajwa, kama ambavyo sisi tungependa tungo zetu zitendewe na wengine. Na mzazi mwenye kijana wa sauti nyembamba, asimwache achekwe akanyamaza.

Mwandishi wa makala haya ni mtu wa vina na mizani, na desturi ya kwetu neno halikamiliki bila ya ubeti. Basi:

Jirani akikwimbia, usimwekee mizani,
Sauti kimsikia, imepaa mawinguni,
Si kike kujitilia, ni nguvu ziso kifani,
Nchi kavu yasikia, mwenye kuita hewani.